Ndege Iliyofungwa na Ufunguo Wake



Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayopendwa siku hizi, mchezo wa kuigiza urubani una sifa ya pekee. Kwa kawaida ndani yake hamna adui wa kupigwa risasi, wala hamna mabao ya kuhesabu. Mchezaji huketi mbele ya kioo, huona vipimo vilivyopangwa kama vilivyo katika ndege ya kweli, husikia injini ikinguruma, na kazi anayopewa ni ile ile waliyopewa marubani wote duniani: kuipaisha ndege na kuirudisha chini salama. Wazazi wengi huuona kuwa mchezo wenye adabu, na katika hilo hawakosei.

Hata hivyo, ndani ya mchezo huu mtulivu limo jambo ambalo vikundi vyetu vinapaswa kulitafakari, kwa kuwa linavuka mipaka ya mchezo wenyewe. Jambo hilo ni kufuli. Mchezaji anapofungua orodha ya ndege, huziona nyingi zikimetameta, zimepangwa moja baada ya nyingine. Lakini anapozigusa baadhi yake, haziruki. Zimefungwa. Nyingine zinamdai apite mtihani kwanza. Nyingine zinamdai alipe dola. Nyingine huuzwa kando kabisa, kama nyongeza, kila moja kwa bei yake.

Maoni yangu ni haya: kufuli haiwi mbaya kwa sababu tu ni kufuli. Tunapaswa kuuliza inadai nini kwa mtu anayetaka kuifungua. Kufuli inayodai ujuzi humkuza anayeifungua. Kufuli inayodai pesa tu humgeuza mchezaji kuwa mteja, na haina budi kupimwa kama tunavyopima duka lolote. Na juu ya hizo mbili kuna jambo lililo bora zaidi: mtu kufanya kazi kwa mikono yake ili kuwafungulia wengine mlango. Kijana anayejifunza kuzitofautisha hizo tatu katika mchezo, atazitofautisha pia shuleni, kazini na katika utumishi wa watu.

Kutoka ndege moja hadi mia moja ishirini na tano

Yafaa kwanza tujue mambo yalikotoka. Mwanzilishi wa michezo hii kwenye kompyuta za nyumbani ni Bruce Artwick, aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Katikati ya miaka ya 1970 aliandika kazi yake ya chuo juu ya namna ya kuonyesha mwendo wa ndege kwenye kioo cha kompyuta ndogo, na kutokana na kazi hiyo akaanzisha kampuni iliyoitwa subLOGIC. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo huo kwa kompyuta za IBM, ukiitwa Flight Simulator. Mchezaji alianzia katika uwanja mdogo wa Meigs Field, pembeni ya ziwa, mjini Chicago. Ndege ya kujifunzia ilikuwa moja, Cessna 182, na nchi ya kuruka juu yake ilikuwa mistari na rangi chache tu. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, subLOGIC iliuza diski za mandhari: aliyetaka kuruka juu ya sehemu nyingine za Marekani alinunua diski yake. Kwa hiyo nyongeza za kulipia si uzushi wa jana. Zina umri unaokaribia ule wa mchezo wenyewe.

Tazama sasa umbali tuliofika. Microsoft Flight Simulator iliyotoka tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 2020 iliuzwa kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza lilikuwa na ndege 20 na viwanja 30 vilivyochorwa kwa uangalifu wa pekee, kwa dola 59.99. La pili lilikuwa na ndege 25 na viwanja 35, kwa dola 89.99. La tatu lilikuwa na ndege 30 na viwanja 40, kwa dola 119.99. Viwanja vingine vyote vya dunia, zaidi ya 37,000, vilikuwamo pia, ila vingi vyake vilichorwa na mashine kwa kukisia. Aliyetaka viwanja vya Cairo na Cape Town vikiwa na sura yake kamili ilimbidi kupanda hadi daraja la pili; aliyetaka ndege kubwa ya Boeing 787 ilimbidi kupanda hadi la tatu. Toleo lililofuata, la tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka 2024, lilitoka likiwa na madaraja manne: ndege 70, 80, 95 na 125, na bei yake ilianzia dola 69.99 hadi dola 199.99. Juu ya hayo kuna soko ndani ya mchezo, ambamo makampuni mengine huuza ndege na viwanja vyao.

Kutoka Cessna moja hadi ndege 125 ni safari ndefu, na wanaojua kazi ya kompyuta watakubali kwamba ni ya kustaajabisha. Ila wingi wa vitu na wingi wa mafanikio havifanani. Aliyeijua vema ile Cessna moja ya mwaka 1982, akaweza kuishusha katika upepo wa pembeni, alikuwa rubani zaidi, kwa kiasi mchezo unavyoruhusu, kuliko mwenye ndege 125 ambaye hajawahi kumaliza safari hata moja.

Kufuli inayodai ujuzi

Tukumbuke kwamba katika urubani wa kweli ndege nazo zimefungwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake Montreal, Kanada, limeweka masharti ambayo mataifa huyafuata. Anayetaka leseni ya rubani wa binafsi lazima awe ameruka angalau saa 40. Anayetaka kufanya urubani kuwa kazi ya kulipwa huhitaji saa 200. Kwa waliofuata mafunzo yaliyoidhinishwa, saa hizo hupunguzwa kidogo, kuwa 35 na 150. Anayetaka kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria lazima afikishe saa 1,500. Hata akiisha kuzifikisha, hawezi kutoka katika Boeing na kuingia katika Airbus kama mtu anavyobadilisha pikipiki. Humbidi kusomea aina hiyo ya ndege na kupata kibali chake.

Kwa nini kufuli nyingi hivyo? Kwa sababu nyuma ya rubani wameketi watu. Kufuli hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kumnyima kijana furaha yake, bali kumlinda mama aliyembeba mtoto katika kiti cha safu ya kumi. Tena kila saa anayoidaiwa humwongezea yeye mwenyewe kitu: jicho linalosoma mawingu, mkono usiotetemeka, kichwa kinachokumbuka utaratibu wakati taa nyekundu inapowaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kule kuinama kwenyewe ndiko kunakomfundisha.

Watengenezaji wengine wa michezo walilielewa jambo hili tangu zamani. Katika mchezo wa Pilotwings, uliotolewa na Nintendo huko Japani mwaka 1990, mchezaji huingia kama mwanafunzi wa shule ya urubani. Hupimwa kwa kushusha ndege ndogo, kuruka kwa mwavuli, kutumia tiara kubwa ya kubebea mtu na roketi ya kuvaa mgongoni, na walimu humpa alama kwa kila zoezi. Kazi ya helikopta, iliyo ngumu kuliko zote, humfungukia tu baada ya kupata vyeti vinavyotakiwa. Hakuna pesa inayoweza kumrusha darasa.

Hata toleo la Microsoft la mwaka 2024, ambalo madaraja yake ya bei tumeyataja, limeweka ndani yake njia ya kazi inayofuata mantiki hiyo. Mchezaji huanza na ndege ndogo, hufanya mitihani, na kila cheti humfungulia kazi mpya: kubeba mizigo, kunyunyizia dawa mashambani, kuzima moto wa misitu, kuokoa waliopotea, kusafirisha wagonjwa. Ndege ya kufanyia kazi hizo humilikiwa kwa fedha za mchezo zilizopatikana kwa kuruka, wala hainunuliwi kwa dola za mfukoni. Hapa msomaji wa Kongo anayo sababu ya kutulia na kuwaza. Katika nchi yetu kazi hizo si hadithi. Ziko sehemu ambazo barabara haifiki, na Cessna Caravan inayotua katika uwanja wa udongo ndiyo inayoleta dawa na kumchukua mgonjwa. Mchezo unaomwonyesha kijana kwamba ndege ni chombo cha kuhudumia watu, na kwamba haki ya kuiendesha hutafutwa kwa jasho, haujampotezea jioni yake.

Kufuli inayodai mfuko

Sasa tuigeukie kufuli ya aina ya pili, na mfano wake ulio wazi kuliko mingine ni mchezo ulioitwa Microsoft Flight. Ulitolewa tarehe 29 mwezi wa 2 mwaka 2012, nao ulipatikana bure. Mchezaji alipewa kisiwa kikubwa cha Hawaii na ndege ndogo ya Icon A5 yenye uwezo wa kutua majini. Akijiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, aliongezewa ndege ya zamani ya Boeing Stearman. Hadi hapo mtu angesema: asante sana. Lakini visiwa vingine vya Hawaii vilikuwa nyuma ya kufuli, na ufunguo wake uliuzwa dola 19.99, pamoja na ndege moja na safari za kazi ndani yake. Ndege nyingine zikauzwa mojamoja.

Kati ya hizo ilikuwako P-51 Mustang, ndege mashuhuri ya Vita Kuu ya Pili. Walioinunua walikuta kwamba haina chumba cha rubani. Waliweza kuitazama kutoka nje tu, ikiruka mbele yao kama picha ya sinema, kwa kuwa ndani yake hapakutengenezwa kitu. Fikirini juu ya jambo hilo. Mtu amelipia mchezo wa urubani, akapewa ndege isiyo na mahali pa rubani! Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya kumiliki kitu na kukiweza. Ndege ya namna hiyo inafaa kuonyeshwa rafiki. Kujifunza juu yake haiwezekani.

Kulikuwa na jambo jingine lililowaumiza zaidi wapenzi wa zamani. Kwa miaka mingi, mtu yeyote aliyejua kuchora ndege au uwanja aliweza kuiongeza kazi yake katika Flight Simulator na kuwagawia wenzake. Microsoft Flight iliufunga mlango huo: nyongeza zilitoka kwa mwenye duka peke yake. Watu waliozoea kuwa mafundi wakajikuta wateja. Mwezi wa 7 wa mwaka ule ule wa 2012, kabla ya kutimia miezi mitano, kazi ya kuuendeleza mchezo huo ilisimamishwa.

Nisieleweke vibaya. Mfanyakazi anastahili ujira wake, na anayetengeneza ndege ya mchezo ni mfanyakazi. Boeing 737 iliyoigizwa vizuri, ambayo kila kitufe chake kinafanya kazi na kila mfumo wake wa umeme na mafuta unafuata vitabu vya ndege ya kweli, hutengenezwa na wahandisi na wachoraji kwa miaka. Kuiuza bei inayozidi bei ya mchezo wenyewe si unyang'anyi, maadamu mnunuzi ameambiwa ukweli wa anachonunua na naye ana mahitaji nayo. Lawama yangu ni kwa biashara inayoficha kasoro nyuma ya picha nzuri, na kwa ile inayompa mtu kitu cha bure ili tu imzoeze kununua. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kinachojitembeza mbele yako kila unapowasha mchezo, ukichunguze mara mbili.

Tena lipo swali la umiliki. Siku hizi sehemu kubwa ya mchezo haikai katika kompyuta ya mchezaji, bali katika seva za kampuni, na huletwa kwa intaneti wakati wa kucheza. Toleo la mwaka 2024 lilipofunguliwa, seva zilizidiwa na wingi wa watu. Waliokwisha kulipa walisubiri kwa muda mrefu mbele ya kioo kisichosonga, na wengine waliofaulu kuingia hawakuzikuta baadhi ya ndege zao. Viongozi wa mradi walijitokeza hadharani kuomba radhi, na hali ikarekebishwa. Lakini somo lilibaki: kitu ulicholipia na kisichofunguka bila ruhusa ya mashine iliyo mbali, umekikodi zaidi kuliko ulivyokinunua.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Toleo la mwaka 2020 lilikuwa kubwa kiasi kwamba lilipouzwa ndani ya sanduku huko Ulaya, lilijaza diski kumi. Yule anayenunua mega za intaneti kidogo kidogo kwa simu, na anayengojea umeme urudi jioni, ana kufuli mbili mbele yake kabla ya kuzifikia zile za mchezo. Kwake kila dola ya ndege ya kuigiza ni dola iliyoondoka kwenye karo, kwenye kitabu, au kwenye sufuria ya nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyo hiyo haba na haba huuondoa unga kibabani.

Wizi si ufunguo

Mtu atasema: kama bei ni kubwa hivyo, tunakili bila kulipa, matajiri wa mbali hawataumia. Wengi hutenda hivyo, na katika miji yetu diski na fleshi zenye michezo ya kunakiliwa hupita mkono kwa mkono mchana kweupe. Tuseme wazi: huo ni wizi, hata pale anayeibiwa asipoonekana. Na anayeumia si tajiri sikuzote. Nyongeza nyingi za michezo hii hutengenezwa na makampuni madogo yenye watu wachache.

Tena wizi huzaa wizi. Mwezi wa 2 mwaka 2018 iligunduliwa kwamba kampuni moja iliyouza Airbus A320 ya kuigiza ilikuwa imeficha ndani ya programu yake kifaa cha kuchukua maneno ya siri ya watumiaji kutoka katika kompyuta zao. Kampuni ilijitetea kwamba kifaa hicho kililengwa kwa walioiba bidhaa yake tu. Lakini faili lenyewe lilikuwa limewekwa katika kompyuta za wateja waliolipa vilevile. Kelele zilikuwa kubwa, na kampuni ikakiondoa. Hapa tunaona mnyororo mzima: wengine waliiba ndege, mwenye ndege akajiruhusu kupenya nyumba za watu, na wanyofu waliolipa ndio waliobaki bila imani. Aliyeanza na aliyejibu, wote wawili walitumia ufunguo usio wao.

Tena anayepakua programu za wizi hajui kilichofichwa ndani yake. Kama fundi mwenye jina na anwani aliweza kuficha kifaa cha namna hiyo, atafanya nini asiyejulikana aliyevunja kufuli na kukugawia bure?

Wanaowafungulia wengine

Upo upande wa tatu, na ndio ambao ningependa vijana wetu waujue zaidi, kwa sababu hauhitaji wizi wala utajiri.

Mwaka 1996 watu kadhaa waliochoshwa na mipaka ya michezo ya kuuzwa walipendekeza kutengeneza mchezo wa urubani ulio huru. Kutokana na wazo hilo ulizaliwa FlightGear. Unapakuliwa bila malipo, unaruhusiwa kunakiliwa na kumpa jirani kwa haki kabisa, na maandishi yote ya ndani ya programu yako wazi kwa anayetaka kuyasoma na kuyarekebisha. Ndege zake ni mamia, zilizotengenezwa na watu wa kujitolea, na hakuna hata moja iliyofungwa kwa bei. Ukiisha kupakua ndege na eneo unalotaka, unaweza kuruka bila intaneti. Sura yake si ya kung'aa kama ile ya michezo ya dola mia moja, wala ndege zake zote hazikutengenezwa kwa ubora ulio sawa. Lakini sheria za hewa, uzito na upepo zimo, na mwanafunzi wa fizikia atapata mengi humo. Muwe na tahadhari moja: kwa kuwa leseni yake inaruhusu hata kuuza, watu wengine waliubadilisha jina na kuutangaza kama mchezo mpya wa kulipia. Kabla hujalipia kitu, uliza kama hakitolewi bure mlango wa pili.

Mfano mwingine ni wa kikundi kiitwacho FlyByWire. Toleo la Microsoft la mwaka 2020 lilikuja na Airbus A320neo ambayo mifumo yake mingi ilikuwa haijakamilika. Wapenzi wa urubani na wataalamu wa programu kutoka nchi mbalimbali walianza mwaka ule ule kuikamilisha, kipande kwa kipande, kwa kujitolea, wakaitoa bure pamoja na maandishi yake ya ndani. Baadaye wakaitengeneza pia A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria.

Na katika mchezo uitwao X-Plane, ingawa wenyewe unauzwa, wametoa bure chombo cha kuchorea viwanja vya ndege. Mtu yeyote aweza kuchora uwanja anaoujua, kuupeleka kwa watengenezaji, na ukikubaliwa huingizwa ndani ya mchezo kwa wote wanaoucheza duniani. Viwanja vyetu vina alama zao za kimataifa kama vingine: FZAA ni Kinshasa, FZQA ni Lubumbashi, FZNA ni Goma, FZMA ni Bukavu. Mchoraji aliye Ulaya ataviona kwa picha za setilaiti tu. Ni nani atakayejua vizuri zaidi mahali ambapo lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ya Goma mwezi wa kwanza mwaka 2002, kama si mtoto wa Goma? Ni nani atakayejua rangi ya jengo la abiria la Lubumbashi, na miti iliyo kando ya barabara yake, kama si anayepita hapo?

Kazi kama hiyo ina thamani hata kama haileti senti moja. Ule uwanja wa Meigs Field, ambamo wachezaji wa kwanza wote walianzia, uliharibiwa usiku wa tarehe 30 mwezi wa 3 mwaka 2003, pale meya wa Chicago alipotuma matingatinga kuchimba alama kubwa katikati ya njia yake. Leo mahali pale ni bustani. Lakini wapenzi wa mchezo waliendelea kuuchora upya katika matoleo yaliyofuata, na anayetaka anaweza bado kuondoka hapo akiwa na ziwa upande mmoja na maghorofa upande mwingine. Mahali palipofutwa duniani palihifadhiwa na watu walioona kuwa panastahili kukumbukwa.

Maswali matatu mlangoni

Kutokana na hayo yote, napendekeza kwamba kijana anapokutana na kitu kilichofungwa, katika mchezo huu au mwingine wowote, ajiulize maswali matatu kabla ya kutafuta ufunguo.

La kwanza: kufuli hii inanidai nini? Kama inadai nijifunze, nijaribu tena, nivumilie, basi nikubali kwa moyo mweupe. Kama inadai pesa, basi niko dukani, na dukani mtu huingia akiwa na hesabu yake na akili yake yote.

La pili: nikiisha kuifungua, kitakachobaki kwangu ni nini? Ujuzi wa kusoma upepo utabaki hata mchezo ukifa. Ndege isiyo na chumba cha rubani, au iliyomo katika seva ya mbali, inaweza kutoweka kesho pamoja na dola zangu.

La tatu: je, ninaweza kuwafungulia wengine? Swali hili ndilo linalomtoa kijana katika foleni ya wateja na kumweka miongoni mwa mafundi. Kikundi chenye kompyuta moja tu, hata ya zamani, chaweza kuanza. Mmoja apakue programu kwa niaba ya wote, ili mega zisipotee mara kumi. Mwenye picha nzuri za uwanja wa mji wake azilete. Anayesoma fizikia awaeleze wenzake kwa nini ndege huruka. Anayejua kuchora ajifunze chombo kile cha bure. Baada ya miezi michache uwanja ambao dunia iliuchora kwa kukisia utakuwa na sura yake halisi, na mtu wa Brazili au wa Norwe atakayeshuka hapo kwa mchezo ataukuta kama ulivyo, kwa mikono ya vijana wa hapo.

Rubani wa kweli hapimwi kwa wingi wa ndege zilizoandikwa jina lake, kwa kuwa wengi wao hawamiliki hata moja. Hupimwa kwa saa alizoruka na kwa watu aliowafikisha. Tuwapime wachezaji wetu, na tujipime sisi wenyewe, kwa kipimo hicho.